Sakafu ya Mgeni Rasmi

Jumatatu, 8 Julai

Kuinua mguu mara thelathini kabla ya chai. Mfuko wa mchanga umefungwa kifundoni. Nilipofika ishirini na mbili goti likaanza kuuma, nikamalizia kwa hasira. Kisha cherehani. Sketi tano za shule, zote za marinda. Siku hizi napiga pedali kwa mguu wa kushoto na mshono unataka kwenda upande. Wateja hawajagundua. Mimi nauona.

Kesi ni wiki mbili zijazo, Korogwe. Wakili Nuru wa msaada wa kisheria kaniambia niandike tukio lote kwa mkono wangu na nilisome kila siku, nisibabaike nikiulizwa. Haya.

Ilikuwa ufunguzi wa ligi ya netiboli, mwaka jana mwezi wa tisa. Chama kinachoendesha ligi kilituita ukumbini kwake Korogwe, timu zote, tukabidhiwe jezi na mgeni rasmi. Mzee Mhina, mtunza ukumbi, alikuwa ameipaka sakafu nta nyekundu mpaka unajiona sura. Katibu wa Chama akasimama mlangoni: viatu vyote nje, asichafue mtu kabla mgeni hajaingia. Tukagawiwa soksi nyeupe mpya ili tupendeze kwenye picha. Jina langu likaitwa la tatu. Katibu akatuashiria tufanye haraka, mgeni ana ratiba. Nikatoka mbio kidogo. Hatua ya nne, mguu wa kulia ukaondoka peke yake. Goti lilitoa sauti. Niliisikia kabla ya maumivu.

Ripoti ya Chama inasema: "Mchezaji alianguka akiserereka kwa mzaha na wenzake." Kwa hiyo matibabu si juu yao. Miaka tisa nimekuwa mfungaji wa timu yetu hapa Handeni, sijawahi hata kuchelewa mazoezini. Mzaha. Kila nikilisoma neno hilo natamani kupasua kitu.

Ninachotaka ni hiki: wanitibu, na walifute hilo neno.

Alhamisi, 11 Julai

Mama hasemi nami tangu jana. Sababu ni ile ile. Wiki niliyotoka hospitali, Katibu alikuja hapa nyumbani na wenzake wawili kunipa pole. Sukari, mchele, khanga doti moja. Wakakaa mkekani, wakaomba dua, wakala. Kwa Mama, mtu aliyekula kwako na kukupa pole mmeshamalizana. Kumpeleka mahakamani ni kumvunjia heshima, na aliyeanza kuvunjiwa ni yeye Mama aliyewapikia.

Nilimwambia pole haitibu goti. Akasema nina mdomo. Kweli ninao.

Jumamosi, 13 Julai

Eliza, mchezaji mwenzangu, kapiga simu kutoka kwao Dindira. Siku ile alikuwa nyuma yangu kwenye mstari. Soksi zake na zangu zilitoka pakiti moja. Nilimtegemea awe shahidi wangu. Kaniambia hawezi. Kombaini, timu ya mkoa, inachaguliwa mwezi ujao na wanaochagua ni hao hao wa Chama. Alilia. Nikamwambia nimeelewa, nikakata simu.

Sijaelewa. Limeniuma kuliko goti.

Jumatatu, 22 Julai

Basi la Kosta la saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu nilikuwa mahakamani Korogwe, gauni la bluu, nimelipiga pasi mara mbili. Nilimkuta Mzee Mhina kwenye benchi la nje. Shikamoo. Akaitikia marahaba akiangalia kandambili zake.

Nilisema yote. Sikubabaika. Wakili wa Chama ni kijana mwenye suti iliyokatwa vizuri sana, mabega yamekaa sawasawa. Hata adui anaweza kuwa na fundi mzuri. Akaniuliza kama mwanamichezo hodari, aliyezoea kuruka na kutua, anaweza kweli kuanguka kwenye sakafu ya kawaida. Nikamjibu, ya kawaida, hawezi. Hakimu akaandika. Ni mama wa makamo, anaandika polepole na hainui macho.

Mchana ikawa zamu ya Chama. Katibu akasema viatu tulivua wenyewe kwa hiari yetu. Kisha Mzee Mhina akaapa. Akasema sakafu ile huoshwa kwa maji na sabuni basi, kitu kingine hajawahi kupaka. Alisema maneno yale kwa mpigo mmoja, kama mtoto aliyekaririshwa. Hakunitazama. Najua aliambiwa. Ugali wake unatoka kwa Chama.

Nilitaka kusimama nipige kelele. Wakili Nuru akanikanyaga mguu, ule mzima, kisha akaiomba mahakama ikaione sakafu yenyewe. Wakili wa Chama hakupinga. Hakimu akakubali. Tarehe 13 Agosti.

Ijumaa, 2 Agosti

Daktari ameandika taarifa yake ya mwisho kwa ajili ya kesi. Kanisomea mwenyewe. Nikifanyiwa upasuaji nitatembea bila kuchechemea, nitapiga pedali kwa miguu yote, nitapanda milima nikitaka. Kuruka na kutua kwa mguu huu, ndiyo basi tena. Imechelewa. Ilitakiwa nipasuliwe miezi ile ya mwanzo, wakati Chama kinaandika ripoti. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema angependa asiwe nao.

Nimekaa kwenye benchi la hospitali mpaka wakaja kudeki, wakaniomba nisogee.

Mama sijamwambia. Uwanjani hajawahi kuja hata mara moja, anasema sketi zetu ni fupi, lakini kila nikirudi swali la kwanza ni nimefunga mangapi. Leo kaniuliza daktari kasemaje. Nikasema goti litapona. Nimemdanganya mama yangu, na nilikuwa nikimtazama usoni.

Kesi naendelea nayo. Sasa zaidi.

Jumatatu, 12 Agosti

Kesho.

Wamekuwa na wiki tatu. Siku moja tu inatosha: maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ngumu, nta yote inatoka na inabaki simenti kavu. Hakimu atapita juu yake na viatu vyake, ataandika, nami nitakuwa mwongo rasmi. Wakili Nuru naye analijua hilo. Hakulisema. Kaniambia tu nile vizuri.

Sijala. Mazoezi thelathini kamili.

Jumanne, 13 Agosti

Nimerudi alasiri.

Tulipofika ukumbini pamefagiliwa mpaka barabarani. Vyungu vya maua pande zote mbili za mlango. Ndani meza ina kitambaa cha kufuma na maji ya chupa. Katibu kavaa suti yake ya kijivu, ile ya siku ya jezi, pindo la mguu wa kushoto bado limeachia. Nikadhani kuna shughuli nyingine, tumekosea siku. Kisha nikaelewa. Anakuja Mheshimiwa Hakimu. Kwao huyo ni mgeni.

Nikachungulia. Sakafu nyekundu, inang'aa. Mzee Mhina alikuwa bado amepiga magoti kwenye kona na kumbi la nazi mkononi, anasugua, jasho linamchuruzika.

Wakili Nuru akanibana mkono ili ninyamaze.

Hakimu akafika na karani wake. Katibu akainama kwa heshima zote, akamkaribisha, akamwomba viatu tu aviache pale mlangoni. Hakimu akaanza kuvua. Wakili wa Chama akatangulia na soksi zake, ili aonyeshe mahali ambapo ati tulikuwa tunacheza. Hatua tatu. Miguu ikamtangulia. Alikaa chini kwa kishindo, na suti yake nzuri, na mafaili yakateleza yenyewe mpaka ukutani. Hakuna aliyecheka. Mimi goti langu lilinichoma, basi.

Hakimu alikuwa ameshika kiatu kimoja. Akakivaa tena. Akamwita Mzee Mhina, akamkumbusha kwamba bado yuko chini ya kiapo, akamuuliza sakafu imepakwa nini.

"Nta, Mheshimiwa. Naichanganya na mafuta ya taa kidogo. Huwa napaka akija mgeni tu."

"Na siku binti huyu alipoanguka?"

Mzee akafikiri. Hakuwa anatafuta uongo, alikuwa anakumbuka kazi yake. "Siku ile nilipaka mara mbili, Mheshimiwa. Mgeni alikuwa mkubwa zaidi."

Katibu akafumba macho. Karani anaandika. Mzee Mhina akatutazama mmoja mmoja, ndipo akajua amesema nini. Akakaa kwenye ngazi na kumbi lake mapajani.

Nilidhani nitafurahi. Nilimwonea huruma. Walimfundisha maneno ya kusema mahakamani, hakuna aliyekumbuka kumwambia asipake nta kwa ajili ya mgeni. Naye asingeweza kuacha. Alipiga magoti kwa ajili ya sakafu ile na alitaka ionekane.

Wakati wa kuondoka nilimwamkia tena. Akaitikia. Safari hii alinitazama.

Alhamisi, 15 Agosti

Katibu kapiga simu. Akaanza: Zaina mwanangu, sisi ni watu wa nyumba moja, futa kesi tukutibu kimya kimya. Nikamuuliza, na ripoti? Akasema ripoti ni karatasi tu. Nikamwambia kama ni karatasi tu aichane basi, anitumie picha. Akakata.

Mama alikuwa anachambua mchicha pale pale, alisikia yote. Baadaye akaniletea chai kwenye cherehani. Ya kwanza tangu Julai.

Eliza naye katuma ujumbe. Habari zimefika Dindira. Yuko tayari kutoa ushahidi sasa. Sasa hahitajiki. Nitamjibu hasira ikipungua. Bado.

Jumanne, 27 Agosti

Kombaini imetoka. Eliza yumo. Nafasi yangu kapewa msichana wa Magoma, mrefu, mikono mizuri, nimewahi kucheza dhidi yake. Anastahili. Nimeandika "anastahili" na nimeisoma mara mbili kuona kama ni kweli. Ni kweli. Nimelia hata hivyo, mlango wa chumba cha cherehani umefungwa, nusu saa. Kisha mteja akagonga.

Eliza nimemjibu. Maneno mawili: kila la heri. Zaidi ya hapo sijaweza.

Ijumaa, 20 Septemba

Hukumu. Tumeshinda.

Chama kilizembea. Kitagharamia upasuaji na matibabu yote mpaka mwisho, na fidia juu yake. Ripoti irekebishwe ndani ya siku thelathini, sehemu inayosema mzaha iondolewe. Hakimu alisoma kwa sauti ile ile ya siku zote, na alipofika hapo akainua macho. Mara ya kwanza kumwona macho.

Sikushangilia. Niliketi. Wakili Nuru akanikumbatia akakunja kola yangu yote. Mzee Mhina bado yupo kazini, nimeuliza. Nimepumua.

Jumapili, 22 Septemba

Mama kaniomba nimsomee hukumu. Yote, si mwisho tu. Kurasa kumi na moja. Tulikaa uani, mimi mkekani, yeye kwenye kigoda na ungo wa mchele. Palipokuwa na maneno ya kisheria nilimwekea kwa Kizigua. Alipenda pale wakili alipoanguka, akataka nirudie. Nilipofika kwa Mzee Mhina, Mama akatikisa kichwa, akasema maskini.

Ukurasa wa tisa ni daktari. Niliuona unakuja tangu wa nane. Mistari sita tu. Mama hajui kusoma, ningeiruka na asingejua kamwe. Mwaka mzima nimegombana na watu kwa sababu ya uongo kwenye karatasi.

Nikasoma. Kwamba nitatembea vizuri. Kwamba sitaweza tena kucheza netiboli.

Mchele ukaacha kulia kwenye ungo.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Kwa Kizigua.

Akauliza nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu mwanzo wa Agosti. Akahesabu kimya, nikamwona anahesabu. Kabla ya siku ya ukumbini. Kabla ya simu ya Katibu.

"Na bado ukaenda."

"Nikaenda, Mama."

Akauweka ungo chini. Akatoka kwenye kigoda, akaja mkekani, jambo ambalo kwa mgongo wake si dogo. Akauchukua mguu wangu wa kulia kwa mikono miwili, akauweka mapajani mwake, akaufunika na upande wa khanga yake.

Akasema niendelee kusoma. Zilikuwa zimebaki kurasa mbili. Nilizisoma polepole.