Neno Lililofukuzwa Uwanjani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuonea huruma na sasa unalala vizuri. Sisi hatujambo. Mama anauliza kama sweta aliyokufumia imekutosha, au umeigawa ukaona aibu kusema.

Nilikuahidi habari za uwanja ambako Shangazi hurusha ndege. Kila Jumamosi tunaenda pamoja. Ndege yake haina injini, kwa hiyo huvutwa kwa kamba na ndege nyingine mpaka juu, kisha anaiachia kamba na kuelea peke yake. Kazi yangu ni kushika ncha ya bawa lisiguse chini, na kukimbia nalo kidogo ndege inapoanza kuondoka.

Jumamosi iliyopita kamba ilikuwa imeshafungwa. Mpiga ishara, tunayemwita Kipenga, alimuuliza Shangazi kama amefunga kifuniko cha kioo juu ya kiti chake. Shangazi alikuwa bado anahangaika na komeo, akajibu haya, haya, subiri kidogo. Injini ya ndege ya mbele ilikuwa inanguruma. Kipenga alisikia haya tu, akapunga mkono. Kamba ikaanza kukaza.

Hapo mtu akapiga kelele kwamba wasimame. Uwanjani kwetu yeyote anayeona kasoro husimamisha, hata mleta chai, na hakuna wa kumgombeza. Kipenga akainua mikono yote miwili, injini ikazimwa.

Rubani wa ndege ya mbele, mama mpole mwenye sauti ya chini, alinieleza ambacho kingetokea. Kifuniko kingefunguka hewani, Shangazi angekidaka kwa mkono mmoja, na ndege yake ingepanda ghafla. Kamba ingeinua mkia wa ndege ya mbele na kuielekeza pua chini, na karibu na ardhi hakuna muda wa kujinasua. Angeumia mama huyo ambaye hakukosea chochote.

Kwenye kikao baada ya hapo hawakutafuta mtu wa kulaumu, walitafuta neno. Fundi alisema haya ina nyuso mbili: haya twende, na haya basi. Shangazi akadakia kwamba bingwa wa neno hilo ni kaka yake, yaani wewe Baba; ukiombwa ruhusa unasema haya, na nyumba nzima inabaki kubishana kama umekubali au umechoka. Kipenga alicheka mpaka akajifuta machozi. Basi neno hilo limepigwa marufuku. Ndege ikitakiwa kuondoka tunasema vuta, isipotakiwa, simama.

Sasa Baba, kaa kwanza. Aliyepiga kelele ni mimi. Niliona komeo halijaingia, nikalilaza bawa chini na kupaza sauti yangu yote. Shangazi aliniomba nisikuandikie, usije ukanikataza kwenda. Lakini naona siwezi kukuomba ruhusa ya jambo ambalo nimekuficha nusu yake. Mwalimu wa urubani amesema yuko tayari kunifundisha kuruka, mimi nikikaa mbele na yeye nyuma. Anasubiri neno lako tu. Hatari nimekueleza bila kuipunguza, na umeona pia tunavyoizuia.

Wasalimie wote unaokaa nao. Ukijibu, tafadhali usiandike haya. Ukikataa, andika simama. Nitatii, na bawa nitaendelea kulishika vizuri. Ukikubali, andika vuta.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba