Volti Kumi na Nane au Ishirini na Nne

Jumatatu, 6 Oktoba 2003
Mbao nane tu leo. Bega la kulia limegoma tena. Msumeno wa mkono ukifika nusu ya ubao, maumivu yanapanda mpaka shingoni, vidole vinakufa ganzi. Nimemalizia kwa kushoto. Mikato imepinda. Aibu, miaka ishirini na sita ya useremala!

Paa la Mama Tumpe kule Kyimo linataka kenchi kumi na nne. Mjane yule analala jikoni na wanawe, na mvua haina subira. Nikishindwa kazi hiyo, nafunga karakana. Nimemwambia mke wangu. Kaenda kupasha mafuta ya kunichua.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekwenda Mbeya, Mwanjelwa. Zamani hata misumari tuliipangia foleni. Leo duka limejaa mpaka dari. Nimeona msumeno wa betri, ule wa kukata pembe. Hauna waya! Muuzaji kaushusha mara moja tu, ubao ukakatika digrii arobaini na tano, laini kama umepigwa randa. Subhanallah. Nimebaki mdomo wazi.

Ipo miwili. Wa volti kumi na nane ni mwepesi, una betri mbili. Wa ishirini na nne ni mzito, mtumba, betri moja. Muuzaji kasema mwepesi ndio unamfaa mzee. Mzee! Kijana mwenyewe hajui hata kushika patasi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimewaza kutwa. Bega linataka wepesi. Lakini mbao za Kyimo ni mlingoti, mkaratusi ule, ngumu. Kumi na nane ukikwama katikati? Ishirini na nne ukiisha chaji, betri ya pili sina, na kwa Mama Tumpe umeme haujafika. Mke wangu kasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Haikunisaidia kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimenunua wa ishirini na nne. Kwa kiburi, nakiri. Lile neno "mzee" limeniuma.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kyimo. Wanaume wa kitongoji wote wamekuja kusaidia, ndiyo desturi yao. Wanawake wameleta ndizi na maziwa ya mgando. Nilipokata ubao wa kwanza, wote wakasogea. Halafu vigelegele. Rudia, fundi! Kila mtu kaleta kipande chake kikatwe. Mchungaji kaleta mguu wa kiti. Na mimi mpumbavu nikakata vyote. Nilitaka waone.

Kenchi ya tisa, msumeno ukapunguza sauti, ukazima. Chaji imekwisha. Mama Tumpe akatazama wingu juu ya mlima Rungwe. Natamani angenitukana. Nikachukua msumeno wa mkono. Mikato mitatu, ukaniponyoka mbele ya watu wote. Nikajua nimekwisha.

Ndipo Ambakisye, dereva wa lori lililoleta mbao, akauliza:
"Huo wa volti ngapi, fundi?"
Ishirini na nne, nikamwambia.
"Hata lori langu."

Akashusha betri zake mbili, kumi na mbili na kumi na mbili, akaziunga, akavuta waya mpaka pale betri ya msumeno inapokaa. Nikamwambia utaungua. "Uungue, tufanyeje sasa?" Nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Ukanguruma! Mlingoti ulikatika kama mgomba. Nguvu inayopandisha tani za ndizi milimani ilikuwa kiganjani mwangu, na bega limetulia tuli. Kenchi zote kumi na nne zimekatwa kabla ya jua kuzama; kesho wanaume wanazipandisha na kupiga bati. Nimelia. Sijali nani kaona. Ningechukua wa kumi na nane tungeunga nini? Sikuchagua kwa akili, nilichagua kwa hasira. Mungu ana mambo.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mvua tangu alfajiri. Nimetoka msikitini, nikamkuta Mama Tumpe mlangoni pa karakana, kalowa chapachapa.  Paa linavuja, nikajua.

Halivuji. Kawaacha wanawe bado wamelala ndani, pakavu, kasema. "Ndaga fijo, tata," kanishukuru kwa Kinyakyusa. Halafu akaanza kueleza kwamba anataka na mlango. Hajamaliza kusema, nikawa nimeshamuuliza ufungukie ndani au nje.