Pombe ya Wakwe

Mansfield, Texas
14 Novemba 2004

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini kifua kimetulia na kwamba unameza dawa bila kulazimishwa. Mimi ni mzima wa mwili. Najua umeshapigiwa simu ukaambiwa nimewaaibisha, kwa hiyo nakuomba usinihukumu kabla hujamaliza kunisoma.

Watu wa Dedan walikuja Jumamosi kwa Baba Mdogo Gichuki kuniposa. Muratina, ile pombe yetu ya jadi, ingepatikana wapi huku? Dedan akaleta chupa aliyoitunza kabatini tangu alipofika Texas, miaka minane sasa. Ni bia nzito ya shayiri, ila Wamarekani huiita mvinyo kwa ukali wake. Baba Mdogo alisema itafaa, mradi desturi ifuatwe. Unaijua: pombe ya wakwe haiguswi mpaka msichana aulizwe kama inywewe. Akionja, akampa mzee wake, amekubali kuolewa.

Sasa Dedan, na maringo yake, alitaka wazee wapewe chakula kinachoendana nayo. Akanimiminia kidogo jikoni, akaniambia nichague mimi. Unajua nikishika sufuria nasahau dunia. Ilinukia zabibu kavu na sukari iliyoungua. Kwa mukimo, viazi vyetu vya kuponda na mahindi, ikapooza. Kwa kachumbari yenye pilipili ikanichoma koo. Lakini kwa ubavu wa mbuzi, wenye mafuta yake, ule uchungu ulilainika, utamu ukabaki mdomoni mpaka nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, Loice, shangazi yake Dedan, alikuwa mlangoni. Alipiga kigelegele, akakimbilia sebuleni kutangaza kwamba bibi arusi ameshakunywa, hakuna haja ya kuulizwa tena. Wakashangilia wote. Wiki nzima nilikuwa nimejikaza kwamba nikiulizwa nitasema hapana, na sasa swali lenyewe lilikuwa linanipita.

Niliingia na mafuta mikononi. Glasi zilikuwa zimeshainuliwa. Nikamwomba Baba Mdogo aniulize. Dedan alicheka, akasema nisiwacheleweshe wazee. Loice akaniambia nikae chini nisitie watu aibu. Baba Mdogo alinitazama, akaiweka glasi yake mezani, akaniuliza. Nikamjibu kwamba jikoni nilionja kwa ajili ya nyama, si kwa ajili ya mtu, na kwamba isinywewe.

Hakuna aliyekunywa. Walivaa makoti wakaondoka, na ile nyama ikaganda mafuta kwenye sinia.

Mama, Dedan si mtu mbaya. Simpendi tu, wala sijawahi kumpenda. Nilikubali watu wake waje kwa sababu kila Jumapili kwenye simu ulikuwa ukimtaja unacheka, na tangu Baba atuache sikuwa nimekusikia ukicheka. Sikuogopa kumkataa yeye. Niliogopa kukunyamazisha wewe.

Nisalimie majirani, hata wale watakaonicheka. Jumapili nitapiga saa zile zile. Kama huna la kuniambia, nyamaza tu, lakini ipokee simu, nikusikie ukipumua.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Jerioth