Mzigo wa Keria

Shanwe, Mpanda
4 Juni 1995

Mke wangu mpendwa, Bibi Pelagia,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, goti likiwa limetulia na mdomo ukiendelea na kazi yake. Mumeo sijambo. Banda langu la baiskeli lina wateja, na chumba nilichopanga hakivuji tena.

Wiki hii nimepata mteja wa ajabu. Mimi nimezoea baiskeli za samaki, za mkaa, za kumkimbiza mgonjwa zahanati. Kaja Mzungu, baiskeli yake ina mifuko kila upande, na ndani ya mifuko hakuna cha kuuza. Nikamuuliza anakwenda wapi. Anasema anatembea tu! Anapita nchi za watu kwa baiskeli akiangalia ngome na majumba ya mabwana wa zamani, akimaliza moja anapanda, anatafuta jingine. Nikamuuliza, sasa shida yako hasa ni nini? Hana shida. Kumbe kaja huku kote kwa ajili ya boma letu la Karema. Nimemzibia pancha, nikamwelekeza njia, nikamwambia akifika aulize kwa Bibi Pelagia, nyuma ya misheni.

Nami ugonjwa wake umeniambukiza. Mwezi wa nane nitakuja kwa baiskeli, kutembea tu, na sitakuja peke yangu. Bibi, nimepata mchumba. Anaitwa Rosine, binti wa mzee Apollinarie wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi Warundi. Anashona nguo kwenye cherehani ya baba yake na anaimba kwaya. Mzee nimeshamwona. Kaniambia hapokei posa mpaka wewe bibi yangu uliyenilea useme ndiyo. Baba na mama yangu hawapo, kwa hiyo neno ni lako.

Barua analeta Manyanda wa dagaa. Mpe hata uji.

Mumeo,
Venant


Karema
21 Juni 1995

Mume wangu Venant,

Marahaba. Goti linauma asubuhi, mchana linasahau. Kuku wamezaliana. Barua yako imenuka dagaa mpaka paka kaifuata hadi kitandani.

Mzungu wako kafika. Kaupima ukuta wa boma kwa mikono, kisha akaweka shavu pale ukutani, akatulia. Nikamwambia kama anapenda kuta kiasi hicho, wa jiko langu unahitaji kukandikwa. Akakandika! Upande mmoja umenyooka vizuri sana, wa pili kauacha, akapanda baiskeli yake akaenda.

Kaniacha nikiwaza. Uwanja wa boma lile nimeufagia tangu nikiwa binti kwa masista. Wabelgiji walilijenga nene hivyo, na matundu ya bunduki, halafu wakawaachia mapadre, na leo kwenye matundu wanalala njiwa. Miaka yote hiyo nilikuwa naona mavi ya njiwa tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuvuka bahari kuja kutazama ninapofagia.

Haya, mke mwenzangu. Yaani unaniolea mke mwingine na mimi nasikia kwa Manyanda! Sawa, mlete. Ila mke wa kuletwa kwenye keria kama gunia la dagaa simtaki hapa. Apande baiskeli yake mwenyewe na milima yote aipande, nami nitakuwa mlangoni nimeufunga.

Sasa naacha utani. Hao watu wana kwao, Venant. Kila mwaka nasikia wanarudi, hawarudi, wanarudi. Siku wakirudi kweli, yeye atawafuata wazazi wake, na wewe utamfuata yeye. Mimi nimezika watoto wangu wote, nimebaki na wewe. Naogopa. Sijasema hapana, lakini ndiyo hujaipata.

Mkeo mkubwa,
Bibi Pelagia


Shanwe, Mpanda
9 Julai 1995

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia habari za goti na nimemcheka paka.

Kuhusu keria ondoa shaka. Rosine anaendesha baiskeli ya kaka yake tangu utoto, ndiyo anayopelekea mahindi mashineni. Watu wa Katumba wameshachoka kumshangaa. Mzee wake kamruhusu, na kibali cha kutoka makazini wamempa. Njiani tutalala kwa katekista, Rosine ndani na mimi barazani, usianze maneno.

Tukishapita Kabungu kuna nyumba ya mlowezi mmoja aliyelima tumbaku zamani, imebaki gofu, lakini ina dohani la kutolea moshi na ngazi za mawe. Tutaizuru kwanza ndipo tuje kwenye boma lako. Kuzuru nimeshajifunza kwa yule Mzungu: unasimama mlangoni, unatikisa kichwa polepole, unaingia, unagusa ukuta.

Hilo la kwao sijamuuliza. Kila nikifungua mdomo naishia kuuliza bei ya vitambaa. Muulize wewe, Bibi. Mimi jibu naliogopa.

Mumeo,
Venant


Shanwe, Mpanda
27 Agosti 1995

Bibi yangu,

Shikamoo. Tumefika salama na lile lori la samaki. Macho yote mawili sasa yanafunguka, na shavu la kushoto limerudi mahali pake. Rosine anakusalimu sana.

Pale kwako ulicheka mpaka ukakaa chini, na habari yenyewe hukuisikia yote. Sikiliza. Tulifika kwenye gofu la mlowezi jua likiwa kali. Nikasimama mlangoni, nikatikisa kichwa. Rosine akasema, "Venant, nasikia kitu kinanguruma humo." Nikamwambia, "Hiyo ni sauti ya zamani." Nikaingia. Nikagusa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa dohani, na dohani lilikuwa la nyuki.

Rosine aliniburuta mpaka mtoni, akanichomoa miiba mmoja mmoja, analia huku anacheka. Jioni hata mkono wangu siuoni. Baiskeli yangu tukaiacha kwa katekista, na asubuhi Rosine akafunga mifuko mbele, akanipakia nyuma. Milima yote ile, Bibi! Kwenye miinuko nilishuka nikashika keria nikatembea kama ndama nyuma ya mama yake. Na njia nzima ananisimulia: hapa pana miombo imeanza majani mekundu, hapa nyani wanatucheka, sasa naliona ziwa, sasa naliona boma, lina mnara, lina kuta nyeupe, mbona kubwa hivi! Nilimuuliza kila kitu, naye akanieleza kila kitu. Nimezuru boma la Karema kwa masikio, mimi niliyekulia chini yake bila kulitazama.

Lakini Bibi, umetulaza, umetulisha, umetuaga, na neno hukusema. Mzee Apollinarie ananiuliza, nami namwambia barua iko njiani. Usiku silali vizuri. Kama ni hapana, iseme tu.

Mjukuu wako,
Venant


Karema
8 Septemba 1995

Mume wangu,

Marahaba, na usiandike "mjukuu wako" kama mtu aliyefukuzwa. Mimi ni mzima. Upande wa pili wa ukuta wa jiko umekwisha kukandikwa, utaona hapo chini ni nani kaukandika.

Kwa kuwa hukuona kitu, nami nikueleze. Nilikuwa nimefunga mlango kama nilivyoahidi, nachungulia kwenye ufa. Naona binti anapandisha kilima cha misheni, kajifunga khanga kiunoni, anahema, hashuki. Nyuma yake kuna mzee mmoja kavimba uso, kajifunika shuka. Nikasema masikini, kaokota mgonjwa njiani, huyu ana moyo. Na mume wangu yuko wapi? Watoto wa misheni wanakimbia pembeni wanashangilia. Akasimamisha baiskeli mlangoni, akapiga goti, akasema, "Hodi Bibi. Nimeleta mzigo wako. Umeharibika kidogo njiani." Nilifungua mlango kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa nimeufunga.

Siku ya pili wewe umelala na vitambaa vya maji usoni, nilimpeleka bomani. Tukapanda juu kwenye mnara, goti langu likalalamika, akanishika mkono. Nikamwonyesha ziwa, nikamwonyesha upande wa kaskazini. Nikamuuliza bila kuzunguka: "Kwenu ni kule. Wazazi wako wakirudi, utamchukua mtoto wangu?"

Hakukasirika. Akasema, "Bibi, mimi nimezaliwa Katumba. Kule naelezwa tu na baba. Kila kilima anakijua jina, na mimi namsikiliza, napenda kusikia. Lakini ni kama Venant na boma lako. Safari hii kaelezwa vizuri, hakuliona." Halafu akasema, "Wakirudi nitalia sana. Njia ya kuja kwako ndiyo ninayoijua kwa miguu yangu."

Nililia mimi, yeye akanifuta na khanga yake yenye jasho. Tukashuka, akaona ukuta wangu wa jiko, akauliza kwa nini upande mmoja tu. Jioni alikuwa amemaliza.

Siku mliyoondoka sikusema neno kwa sababu neno lenyewe si lako. Liko kwenye karatasi ya pili humu ndani. Mpelekee Rosine, na usiifungue.

Mkeo mkubwa,
Bibi Pelagia


Karema
8 Septemba 1995

Mke mwenzangu Rosine,

Hujambo mwanangu? Mzee Apollinarie na mama hawajambo? Miguu imepumzika?

Wasalimie sana wazazi, uwaambie bibi wa Venant amesema ndiyo. Liseme kwa sauti, Venant alisikie akiwa nje ya mlango, maana najua yupo hapo.

Mume ninakuachia. Anapenda mboga isiyo na chumvi nyingi, na usimruhusu kugusa kuta.

Manyanda ananiambia nitaletwa harusini kwa lori la samaki. Nimekataa. Nimetazama njia ile nikiwa juu ya lori maisha yangu yote, sijaona kitu zaidi ya migongo ya watu. Nataka kuiona vizuri, hiyo miombo na hao nyani, na hilo gofu nalo nataka kulizuru kwa mbali. Nilisema mke wa kuletwa kwenye keria simtaki, sasa nimebadili. Njoo unichukue, tutakwenda polepole, tutalala popote tukichoka. Uendeshe wewe, Venant afuate nyuma.

Na ufunge mto kwenye keria, mwanangu. Mzigo huu una mifupa.

Mke mwenzako,
Pelagia