Nyekundu ya Macho ya Mayu

Dutwa, Bariadi
14 Agosti 1977

Mdogo wangu Nyanda,

Mwangaluka, mwana wa mama yangu. Huko Tanga mnaendeleaje? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona, au bado unajifanya mwanaume hutaki dawa? Bimdogo mke wako hajambo? Watoto je, wanakua? Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Pamba imevunwa, michembe ya viazi imekauka vizuri, na yule ng'ombe mweusi bado anakamuliwa ingawa amekuwa mkorofi, anapiga teke kila ndoo.

Usicheke mwandiko wangu. Ni wangu mwenyewe, nimejifunza kwenye kisomo pamoja na vibibi wenzangu, na mtihani nilifaulu. Sikumwomba mwalimu aniandikie kwa sababu maneno ya leo hayafai kupita mdomoni mwa mtu mwingine.

Barua yako nilipewa Jumanne na Sadick, yule mwenye duka pale Bariadi. Nimeisoma mara nne. Unasema umepata likizo, mwisho wa mwezi unapanda treni, panga umeshalinoa, na Masele ataonja makali yake. Unasema tena kwamba mimi dada yako ni mwoga, naishi mlango kwa mlango na muuaji wa mama na nampa chumvi. Nyanda, hasira zako nazijua, tumenyonya ziwa moja. Ila kaa chini usome mpaka mwisho. Ukiruka hata mstari mmoja nitajua, na nitakuchapa na ndevu zako hizo.

Kwamba Masele alimwonea Mayu, mama yetu, hilo ni kweli na sitalifunika. Mwaka wa sabini na nne, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, yeye ndiye balozi wa nyumba kumi aliyekuja na mgambo kule kwetu ng'ambo ya mto. Mayu alikataa kuhama. Masele akatia kiberiti paa, Mayu akiwa bado ndani anatafuta kibuyu chake cha samli. Alitoka nywele zimeungua upande mmoja, akaokota mchi, akampasua Masele kichwa. Mgambo mmoja akampiga Mayu kitako cha bunduki mgongoni, akaanguka kifudifudi kwenye boma la ndama. Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama natazama moto. Niligundua kwamba chini kabisa, pale unapokula nyasi, moto una buluu. Mama yangu yuko chini anatema udongo, mimi nashangaa buluu.

Ndivyo nilivyozaliwa, wewe shahidi. Unakumbuka tukichunga, nilivyokulaza chali nikakuambia ufumbe macho ulielekee jua, uniambie unaona rangi gani? Ukasema huoni kitu, nikakuchapa fimbo. Mimi nilikuwa naona nyekundu ambayo sijawahi kuiona duniani macho yakiwa wazi. Basi nikaitafuta. Udongo mwekundu nimeusaga, nimeuchanganya na maziwa, na utomvu wa mnyaa, na mkojo wa ng'ombe. Wapi! Ukikauka unageuka kahawia. Mume wangu alinirudisha nyumbani kwa ajili hiyo hiyo, akasema hakuoa mwanamke ili apake kuta siku nzima ugali haujasongwa. Sikulia hata kidogo. Nilirudi kwa Mayu nikapaka ukuta wake wote, nikajifunza kwamba jua la saa sita linakula rangi, la saa kumi na moja linazirudisha.

Tulipokwisha kupangwa katika kijiji kipya, nyumba kwenye mistari kama sare za shule, katibu alinitaka nichore ukuta wa ofisi. Alitaka wanakijiji wakilima pamoja. Nikawachora: mwenyekiti na jembe lake, wanawake, vijana, Masele na kovu lake, na pembeni Mayu ameketi kwenye moto wake wa samadi. Nilitumia miezi miwili. Siku ya mwisho nilikwenda Bariadi, Sadick akanipa kopo la rangi ya mafuta aliyopakia mlango wa duka lake, limebaki kidogo chini, utando umegandia juu. Nikautoboa kwa kijiti. Nyanda, ilikuwa ndiyo ile! Nyekundu ya ndani ya macho, iko kwenye kopo la bati. Nilikaa chini pale pale dukani nikalia, Sadick akadhani nimefiwa.

Haikutosha hata kupaka kiganja. Nikatazama ukuta siku nzima nione itakaa wapi. Watu wote nilikuwa nimewapa macho meupe, na meupe yale yalikuwa yamekufa. Mayu macho yake unayajua, mekundu kwa moshi wa samadi wa miaka sabini, kama ya kila bibi wa Kisukuma. Nikamtilia mawili, matone mawili tu, na pembeni yake nikapaka kijani cha majani. Nyekundu ikikaa karibu na kijani inatetemeka. Saa kumi na moja, jua likipiga ukuta, macho yale yalikuwa yanakutazama popote unapopita. Mayu mwenyewe aliyaona, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema sasa atalinda ofisi bure bila mshahara.

Mwaka uliofuata surua iliingia. Tulivyobanana vile, ilipita nyumba hadi nyumba. Lukresia na mumewe Marcelo, wa mstari wa pili, walizika watoto wawili ndani ya wiki moja. Kule zamani mtoto akifa, kwa jirani ni mwendo wa nusu saa. Sasa jirani anakusikia ukikohoa, na wewe unamhesabia anachokula. Watu wakaanza kuuliza ni mchawi gani anatula. Wanawake wakawa wanawafunika watoto nyuso wakipita ofisini, wasitazamwe na yale macho mekundu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, Juni mwaka jana, saa sita mchana. Kijiji chote tulikuwa shamba la kijiji, lile la bega kwa bega, tunavuna pamba, wazee tu ndio waliobaki. Mimi nilirudi kuchukua maji. Mayu alikuwa juu ya lile jabali nyuma ya nyumba anakoanikia michembe. Wauaji walikuwa wameshaondoka. Walimkata shingoni na mikono yote miwili, maana alijikinga, na kidole kimoja nilikiokota mbali. Hayo ulikwisha kuambiwa. Ambalo hukuambiwa ni hili: kabla sijapiga yowe, nilisimama. Damu ilikuwa juu ya michembe myeupe, na juani ilikuwa inang'aa, halafu machoni pangu hivi hivi ikaanza kugeuka kahawia kama udongo wangu. Nami nilitazama mpaka ikamaliza kugeuka. Ndipo nikapiga yowe. Mungu aliona, na sasa umejua wewe.

Mayala, mtoto wa baba mdogo, na nduguze hawakungoja polisi. Walimkumbuka Masele na kiberiti chake. Walimtoa ndani kwake wakamburuta mpaka barabarani, wakalaza mkono wake wa kulia juu ya gogo wakauvunja kwa rungu mara tatu, wakimtaka aseme. Alikuwa ananitazama mimi. Mkewe Mwanne alinishika miguu, akaniomba niseme neno moja tu. Nilitoa miguu yangu nikaingia ndani.

Sasa habari mpya. Mwezi uliopita Marcelo alikamatwa Mwandoya, akaletwa hapa na polisi, akasema yote mbele ya mkutano. Alikwenda kwa mganga baada ya kuzika, mganga akamwambia mchawi wao si wa kutafuta, wameshaonyeshwa hadharani kwa macho yake, ni wao tu hawatazami. Marcelo alirudi, akapita ofisini saa kumi na moja, akatazama ukuta. Watu wote wana macho meupe, mmoja ana mekundu. Akaenda kukodi watu wa mbali. Hayo aliyasema analia, na mkutano mzima ukageuka kunitazama. Masele hakugeuka. Yeye alikuwa anatazama chini.

Ukuta ule katibu alikwisha kuupaka chokaa. Mimi nikaupaka tena bila kuagizwa, ila sikuchora mtu, wala ng'ombe, wala jembe. Ni rangi tupu: njano ya mabua ya Agosti, chini yake weusi wa masizi, katikati kijivu kile cha majivu ya moto uliolala. Mwenyekiti amenifokea, anauliza wananchi wako wapi na maendeleo yako wapi. Sadick naye nilimpakia dukani vivyo hivyo, akasema Bi Fundi, mimi nauza sukari na khanga, wewe umeniwekea mawingu ya mvua, wateja watakuja na miamvuli. Waseme. Kitu chenye macho sitachora tena. Na usidhani nimeacha kuzipenda rangi. Nazipenda zaidi, hapo ndipo ninapojichukia.

Nyanda, nimezunguka vya kutosha. Laiti ningekuwa nimekosea kwa kutojua, ningekuandikia kurasa mbili tu nikulilie unihurumie. Nilijua. Surua ilipoingia, Masele alikuja kwangu akaniambia watu wanazungumza, nifute macho yale. Nikamfukuza. Akaja mara ya pili akaniambia kama kuyafuta kunaniuma, basi niwatie wekundu watu wote, nianze na yeye. Kwa Sadick ningepata kopo jingine kwa kuomba tu. Nikamwambia mchoma nyumba hanifundishi kazi. Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu, siku tatu kabla. Alikuja na chokaa yake kwenye ndoo na brashi ya majani, akaniomba nimruhusu ayafunike yeye, hata kwa mwezi mmoja, mpaka maradhi yapite. Nilimwaga ndoo yake chini. Nilimwambia nimeitafuta nyekundu ile miaka arobaini, na haitafutwa kwa sababu ya wajinga. Alhamisi wakamkata mama yetu.

Yote hayo nilikuwa nayo kifuani wakati wanamvunja mkono. Neno moja aliloliomba Mwanne nilikuwa nalo, nikaingia nalo ndani nikafunga mlango. Mwaka mzima nimewaacha ninyi mumchukie, wewe na Mayala na ukoo wote, kwa sababu kila mlipomchukia yeye mimi nilipata usingizi. Chumvi ninayompa ndiyo unayoiita woga. Umekosea. Ni haya, ni aibu yangu.

Juzi nilikwenda kwake. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakusema kwamba alinionya, angejiokoa. Alinijibu bila hata kuacha kusuka kamba yake, anasuka kwa mkono wa kushoto na vidole vya miguu. Alisema wale walikuwa wamekuja kuua, si kuuliza. Kwamba angenitaja, wangeniacha nimekufa barabarani, na Mayu alikuwa bado hajazikwa. Alisema nyumba moja maiti moja inatosha.

Basi njoo, mdogo wangu. Sikuzuii. Kama panga lako lazima lifike Dutwa, mlango wangu ni wa tatu kutoka ofisini, na mchana nipo. Ila Bariadi hakuna basi la jioni, na Masele amesema atakuja kukupokea stendi kwa baiskeli, maana unaijua njia ya zamani tu na hii mpya huijui. Nimemwambia umeandika nini kuhusu yeye. Amesema atakuja hivyo hivyo. Mpe mkono wa kushoto, wa kulia haufunguki.

Msalimie sana Bimdogo, wabusu watoto na uwaambie shangazi yao ni mzima. Majirani wote wanakusalimu, Lukresia naye anakusalimu, yuko peke yake sasa na hali chakula vizuri. Kaburi la Mayu nimelizungushia minyaa ng'ombe wasilikanyage. Nakuombea safari njema, na unachokuja kukifanya, ukifanye ukiwa umeshajua.

Ni mimi dada yako, tumbo moja,
Milembe