Maswali Uliyonitumia Ukiwa Chuoni

Titye,
Kasulu, Kigoma.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Nicodemus,

Mwidiwe, mdogo wangu. Habari za Mafinga na baridi yake? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua utotoni kimetulia, au baridi ya huko imekiamsha tena? Mimi sijambo, ila mguu wa kushoto huniuma nikisimama darasani vipindi viwili mfululizo. Mvua zimeanza vizuri mwaka huu. Mama yako naye ni mzima. Habari zake nitakupa huko mbele.

Barua hii anakuletea Raymond, yule mliyesoma naye Kibondo, ambaye siku hizi anaendesha lori la mbao. Nilimwomba namba yako mpya, akasema hujamruhusu kuitoa. Sikumlaumu. Nikamwomba achukue karatasi tu, nawe mwenyewe uamue kuisoma au kuiacha.

Nina jambo la kukuungamia, na nimechelewa miaka miwili.

Ulipokuwa mwaka wa kwanza ulinitumia picha za maswali ya fizikia na kalkulasi. Yalikuwa matano, katika muda wa miezi miwili hivi. La kwanza lilihusu kitu kinachoanguka huku hewa ikikikinza. Uliandika, "Dada, nimekwama. Asaimenti inakusanywa Ijumaa. Niangalizie tu nimekosea wapi." Nikakujibu kwamba mtandao wa Titye unasumbua, picha hazifunguki.

Zilifunguka, Nicodemus. Nilizifungua siku ileile. Nilikaa nyuma ya maabara na daftari nikalifanya swali lako hadi mwisho. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa pili tu: uliuchukua ukinzani wa hewa kama namba isiyobadilika. Ningekuandikia maneno manne, "ukinzani unabadilika na kasi", mengine ungeyamaliza mwenyewe, maana kuintigreti ulikuwa unajua kuliko mimi. Sikuandika. Na kwa yale manne yaliyofuata nilifanya vivyo hivyo. Nilipata jibu, nikafunga daftari, nikakudanganya.

Utauliza kwa nini. Sababu yenyewe ni ndogo mpaka naona haya kuiandika. Siku ile ya sherehe ya kukuaga ulishika maiki ukamshukuru mwalimu mkuu, ukamshukuru paroko, ukamshukuru baba mkubwa Niyubahwe, hata aliyetuazima viti. Mimi niliyekufundisha sehemu na desimali tangu darasa la tano nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa kitenge kipya, nasubiri kusikia jina langu. Ukarudisha maiki, ukaketi. Niliondoka na donge rohoni. Kwa hiyo ulipokwama nikajisemea, na awaombe hao aliowashukuru.

Sisemi kwamba maswali matano peke yake ndiyo yaliyokufanya udisko na kuondolewa chuoni. Lakini alama za mazoezi zilishuka, ukaogopa kuuliza, kisha ukaacha hata kuingia vipindi vya fizikia. Wa kwanza kukuonyesha kwamba ukiuliza hujibiwi ni mimi.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kikao cha nyumbani. Wote walikuwa wanasema ulikwenda chuo kucheza. Wewe ukasema kwa sauti ndogo, "Niliomba msaada, sikupata." Baba mkubwa akakuuliza, "Uliuomba kwa nani?" Nilikuwa nimekaa mlangoni. Ukatazama chini, ukasema, "Kwa watu." Basi. Mama yako akakwambia usikanyage tena pale mpaka uwe mtu, nami nikanyamaza. Kwenye sherehe hukunitaja, nikakasirika. Kwenye kikao hukunitaja, nikashukuru. Hebu niangalie nilivyo.

Mwezi uliopita alinijia msichana mmoja anaitwa Zaitun, baba yake ana duka la vitenge pale Kasulu mjini. Anarudia mwaka wa kwanza, na alikuwa hajaondoka kurudi chuo. Aliletwa na shangazi yake, ambaye ni mwalimu mwenzangu. Akafungua daftari, na swali likawa la kitu kinachoanguka huku hewa ikikikinza. Namba zilikuwa nyingine, lakini swali ni lilelile, na kosa lilelile, kwenye mstari wa pili. Nilimwelekeza kwa robo saa. Alicheka kwa furaha, akasema, "Kumbe ni hapo tu, Mwalimu?" Nilitoka nje nikalia, naye akabaki anadhani amenikosea adabu.

Jumamosi iliyofuata nikapanda gari kwenda Kibondo. Nilimkuta mama yako, mama mdogo wangu, anachambua maharage ya mbegu. Nikaketi chini mbele yake, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akauliza:

"Ulikuwa unalijua jibu?"

"Nilikuwa nalijua, mama."

"Yote matano?"

"Yote."

Akasukuma ungo pembeni. "Siku ile ya sherehe, wageni walipoondoka, nilimgombeza. Nikamuuliza, mbona dada yako hukumtaja? Akaniambia, 'Mama, wale ni watu wa kushukuriwa kwa maiki. Dada Yusta ni wa nyumbani, nitamshukuru kwa kumaliza chuo.'"

Sijui nikuandikie nini juu ya hapo. Yeye alikwenda jikoni, nikasikia anafunika chungu. Akarudi na kusimama mlangoni. "Yusta, leo sikupakulii. Nenda. Siku nyingine tutaongea, mimi na wewe." Wewe unamjua mama yako. Hata mdai huwa hamtoi nje na njaa.

Krismasi ukoo utakutana kwa baba mkubwa. Nitasimama mbele ya wote waliokuwapo kwenye kikao, niseme uliomba msaada kwa nani. Nitasema ukija au usipokuja, kwa hiyo usifikiri nakuita uje kunisaidia kubeba aibu. Wala sikuambii urudi chuo. Raymond ananiambia pale kiwandani wanakuamini kupima mbao, na kwamba unalala vizuri. Kama kuna siku utataka kuomba nafasi upya, hilo litatoka kwako. Mimi haki ya kukushauri nimeipoteza.

Msamaha nauomba, sitauharakisha. Ukikaa nao hata miaka mingine miwili nitaelewa.

Shangazi Herieth anakusalimu, amepata mjukuu wa kike, na bado anasema wewe ndiye uliyempandia ule mparachichi uliozaa mwaka huu. Baba mkubwa Niyubahwe macho yamepungua nguvu lakini sauti bado ni ileile. Wasalimu wote unaoishi nao huko, hata kama hawanijui.

Nimebakiza salamu za mama yako. Siku ile nilikuwa nimeshafika barabarani, natafuta bodaboda, nikamwona anakuja nyuma yangu, mikono ina vumbi la maharage. Nilidhani anakuja kunitukana. Alisimama mbali kidogo, akasema, "Wewe unajua kuandika. Mwandikie mwanangu. Mwambie mimi nilisema asikanyage hapa mpaka awe mtu. Mwambie alikuwa mtu." Akageuka akarudi. Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikuongeza neno.

Mungu, Imana yetu, akulinde huko uliko na mikono yako isiumizwe na misumeno.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na sijaacha kukupenda,

Yusta