Jiwe Letu la Idjwi Lisibandikwe

Bahati, ndugu yangu,

Tangu tukuzike, sijarudi kaburini kwako. Nasingizia miguu. Ukweli ni kwamba nakuonea wivu hata sasa, na pumzi zilizonibakia ni chache. Sitaki kufa nimelificha hili.

Juzi binti yako Furaha alikuja kuomba jiwe letu, ile fuwele ya feldispa tuliyoitoa mwambani kisiwani Idjwi tukiwa wanafunzi. Aliniita ami, kama kawaida: "Tonton, tutalibandika na sima ku ukuta ya labo, chini ya foto ya papa." Kwa saruji, Bahati! Nikalikumbatia kama mtoto anayenyang'anywa muwa. Maabara tayari imepewa jina lako. Na jiwe nalo?

Unaikumbuka siku ile. Niliona mstari katikati ya fuwele, nikadhani ni ufa, nikainua nyundo. Ukanidaka mkono: "Weye! Haiko ufa, iko mapacha!" Fuwele mbili zilizokua zikiingiliana, moja imeipa nyingine kisogo. Ukalielekeza juani: nusu moja ikang'aa, ya pili ikafifia. Ukaliinamisha kidogo, zikabadilishana.

Miaka yote tuliyofundisha pamoja ulikisimulia kisa hicho darasani. "Huyu muzee alitaka kupasua mapacha!" Wanafunzi wakacheka, nami nikacheka nao huku naungua. Mimi ndiye niliyeliona kwanza kwenye mwamba. Hilo hukulisimulia. Hata leo wakinikuta mtaani Kadutu, wananishika mkono ili wakulilie wewe.

Furaha alipoondoka mikono mitupu, nilikaa nalo dirishani, juani. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, hata chai naimwaga. Nikaona jiwe linawaka nusu hii, nusu ile, tena hii, bila mimi kuligeuza. Wewe na mkono wako imara hukuwahi kulionyesha hivyo. Nilifurahi kwamba hukuliona likiwaka hivyo. Kisha nikalia, kwa sababu hiyo hiyo.

Jumapili baada ya misa nitamwita Furaha, nimpe. Kwa sharti moja: wasilibandike. Likigandishwa ukutani, nusu moja itang'aa siku zote na ya pili hakuna atakayeijua. Wanafunzi walishike, waliinamishe wenyewe. Najua, hata sharti hilo ni wivu. Nimekuahidi jiwe, Bahati. Moyo mweupe sijakuahidi.

Pumzika, ndugu yangu. Siku si nyingi nitaletwa kando yako. Nisogezee nafasi, na safari hii upande wa jua uniachie mimi.